Majibu Bado

Usingizi unamkamata Gaudensi Luvanda akiwa anatembea. Hajalala chini, hajaketi, hajaegemea mti. Miguu inaendelea kwenda, kushoto, kulia, kushoto, kulia, juu ya barabara ya vumbi inayopasua msitu wa misonobari, na kope zinashuka polepole kama mlango wa duka unaofungwa jioni, na yeye anajiambia, ngoja nifumbe macho hatua kumi tu, hatua kumi haziwezi kumdhuru mtu, anaanza kuzihesabu, moja, mbili, tatu, na akifika ya saba anasahau alikuwa anahesabu kitu gani. Ni saa tisa usiku na baridi ya nyanda za juu imemshika masikio. Tangu saa kumi na mbili jioni wako njiani, watu zaidi ya mia tano waliotoka uwanja wa mpira kwa vigelegele, wote na fulana za njano juu ya masweta, wanatembea kilomita arobaini na mbili usiku kucha kuchangisha fedha ili hospitali yao ya wilaya ipate mashine za kusafisha damu, maana haina hata moja, na mgonjwa wa figo hana budi kupanda basi mpaka mkoani mara tatu kila wiki, alale saa nne ameunganishwa na mipira, kisha arudi. Mgongoni kila mmoja ameandika kwa wino jina la mtu anayetembea kwa ajili yake. Mgongo wa Gaudensi umeandikwa Veridiana.

Veridiana ni dada yake mdogo, kitindamimba wa mama yao, mshonaji wa sare za shule, mwenye miaka thelathini na tisa na figo mbili zilizokufa tangu mwaka juzi. Nusu saa iliyopita alikuwepo mwenyewe kwenye kituo cha sita, ameletwa na gari la waandaaji, amekaa kwenye kiti cha plastiki na blanketi mabegani, anawamiminia watembeaji uji wa ulezi ambao yeye haruhusiwi kuunywa anavyotaka, kwa sababu hata maji ya kunywa hupimiwa. Pole na safari, kaka, alisema. Nimeshapoa, alijibu Gaudensi, huku anajua kwamba hajapoa hata kidogo, nyayo zinamuwaka. Na Veridiana, kama mtu anayeulizia mvua, akauliza, na yale majibu ya vipimo? Gaudensi akagugumia uji mpaka ulimi ukaungua. Bado, akasema. Majibu bado. Haya, alisema Veridiana, akamfungulia pakiti ya biskuti, hospitali ndivyo zilivyo, tusubiri.

Lakini majibu yametoka. Yametoka tangu Juni, wiki kumi na moja sasa. Daktari alifunga mlango wa chumba chake, akamwambia, bwana Luvanda, damu zenu zinapatana, na wewe ni mzima, unaweza kumpa dada yako figo moja ukaishi vizuri na iliyobaki. Kisha akashusha sauti, akasema, hii ni siri yako. Ukiona huwezi, nitamwambia tu kwamba hukufaa, na hatajua kamwe. Gaudensi akaomba muda wa kufikiri, na muda alipewa, na hajafikiri, amekuwa tu anasema bado. Mkewe, Skolastika, ndiye peke yake anayejua, na usiku alipoambiwa alisema sentensi moja, Baba Deo, watoto wanasoma, akageukia ukutani. Na kuna baba yao. Gaudensi alikuwa na miaka kumi na minne, ameketi kwenye benchi la korido la hospitali, alipomwona baba yake akisukumwa kwenye kitanda cha magurudumu kuingia chumba cha upasuaji, anatania na manesi. Alipotoka alikuwa amefunikwa shuka mpaka usoni. Siku hiyo aliapa kwamba kisu cha daktari hakitaugusa mwili wake. Kwa hiyo matangazo ya matembezi yalipobandikwa sokoni, fundi seremala huyu wa miaka hamsini na mmoja alikuwa wa kwanza kujiandikisha, na watu wakamsifu, ndugu wa namna hiyo wamebaki wachache, wakasema, na yeye hakuwaambia kwamba kutembea usiku mzima kulikuwa rahisi kuliko kujibu.

Hatua ya nane, au ya themanini, hajui, anafumbua macho, au anaona amefumbua. Kishindo cha miguu ya watu mia tano hakipo. Tochi za vichwani zilizokuwa zinayumba mbele yake kama vimulimuli hazipo. Barabara imekuwa nyeupe, nyeupe ya unga, na misonobari ya pande zote mbili inahamahama, safu kwa safu, bila sauti, kama watu kanisani wanaopishana kwenye mabenchi, na kila inapohama barabara nayo inajivuta kuifuata, ikawa mbili, zile mbili zikawa nne, na Gaudensi amesimama kwenye kichwa cha njia nyingi asijue ipi aliyokuja nayo. Miguu yake inauma vilevile. Hilo ndilo linalomfanya adhani yuko macho, maana nani amewahi kuota malengelenge? Anachagua njia ya katikati kwa sababu inaonekana kushuka, na mtu aliyechoka hupenda mteremko, lakini akiikanyaga inapanda. Anapanda. Pembeni kuna kibao, kilomita ya thelathini na moja. Anashukuru Mungu, zimebaki kumi na moja tu, anatembea mpaka nyonga zinalia, anafika kwenye kibao kingine, anainama kukisoma, kilomita ya thelathini na moja. Anatembea tena. Kinamngojea kingine, na kingine, vyote vina rangi mbichi, vyote vinasema thelathini na moja, na uchovu unamwingia ule wa ndani kabisa, uchovu usiotoka miguuni, ule anaorudi nao nyumbani kila siku tangu Juni hata kama kazi ilikuwa nyepesi.

Kwenye kibao ambacho hakumbuki ni cha ngapi amesimama mtu mwenye koti linalometameta, la wale waelekeza njia, na tochi inawaka kichwani. Kamwene, anasalimia Gaudensi, salamu ya kwao, maana kwenye giza mtu hujishikilia kwenye alichozoea. Kamwene, anaitikia yule, na sauti ni ya kawaida, ya mtu aliyekwishakunywa chai. Kituo cha saba kiko wapi, ndugu yangu? Kiko mbele ukigeuka, anajibu mwelekezaji, na kiko nyuma ukiendelea. Gaudensi anadhani hakusikia vizuri, anasogea, na yule anainamisha kichwa, mwanga wa tochi unahama, na mahali pa uso hapana uso, pana ngozi tupu, laini, kama donge la unga wa chapati kabla halijasukumwa. Mtu mwingine angekimbia. Lakini kukimbia kunataka nguvu, na yeye hana, kwa hiyo anabaki pale pale na kusema, kwa uchungu wa mzee aliyesimamishwa kwenye dirisha la ofisi kwa muda mrefu, mimi nimechoka, nijibu kama mtu. Na wewe, anauliza asiye na uso, ulimjibu nani kama mtu? Kisha ananyoosha mkono kuelekea bondeni, na bonde ambalo halikuwepo lipo, na ndani yake mji unawaka taa.

Anaujua mji ule. Ni mji wake, soko, msikiti mdogo, kanisa, kituo cha mabasi, karakana yake mwenyewe na madawati yamepangwa nje, isipokuwa kila kitu kimegeuzwa kama kinavyogeuka kwenye kioo cha kinyozi. Kanisa liko kushoto badala ya kulia. Maandishi ya mlango wa karakana yanaanzia mwisho. Komeo ziko upande wa bawaba, na watu, mji mzima, wamejipanga kandokando ya barabara kuu wakimpigia makofi kwa mikono ya kushoto juu ya ya kulia. Hawana nyuso hao pia, lakini sauti anazitambua, huyu ni mama muuza mboga, yule ni katibu wa jumuiya, yule ni jirani anayemkopa misumari. Huyo anakuja, wanaimba, anatembea kwa ajili ya dada yake! Ndugu ndiye huyo! Mmoja anamvika medali shingoni. Asante, anasema Gaudensi. Wa pili anamvika nyingine, wa tatu nyingine, na kila medali inayoingia ni nzito kuliko iliyotangulia, ya kwanza kama kipande cha bati, ya tano kama ubao, ya kumi kama ubao uliolowa mvua, na shingo inainama, mgongo unajikunja, anaomba, jamani inatosha, nami sijafika bado, na wanapolisikia neno bado umati unashangilia zaidi. Bado! wanaitikia kwa pamoja, kama watu wanaoitikia sala. Bado! Bado! Na medali zinazidi kuja.

Anajiburuta mpaka kwenye dirisha la nyumba yake ili ashike kizingiti apumue. Ndani, nyuma ya kioo, kuna Gaudensi mwingine. Amekaa kwenye kochi, ameloweka miguu kwenye beseni la maji ya moto, na Skolastika amempa mgongo, anakunja nguo za watoto. Yule wa ndani anaonekana amepumzika vizuri, mashavu yamejaa. Fungua mlango, anasema wa nje, nimechoka. Nani yuko hapo? anauliza wa ndani bila kusimama. Ni mimi. Wa ndani anacheka kidogo, kicheko cha Gaudensi kabisa, cha puani. Mimi nipo hapa, anasema. Wewe kazi yako ni kutembea. Dada akiuliza, nitamjibu mimi, nimekuwa namjibu vizuri tu, lini umesikia amelalamika? Wa nje anabisha kioo kwa ngumi. Nitatembea mpaka lini? Mpaka asiwepo wa kuuliza, anasema wa ndani, na anasema kwa upole, kama anayemwambia mteja tarehe ya kuja kuchukua kitanda chake, kisha anaongeza maji ya moto kwenye beseni.

Hapo ndipo Gaudensi anaogopa kwa mara ya kwanza. Hakuogopa misitu iliyohama wala mtu asiye na uso, lakini neno lile analiogopa, kwa sababu ni lake. Hakuwahi kulisema. Hata kulifikiri hakulifikiri mpaka mwisho. Lakini usiku fulani mwezi wa Julai, Veridiana alipocheleweshwa na basi lililoharibika na kulazwa kwa sababu pumzi zilimkatika, kuna kitu kilipita haraka moyoni mwa kaka yake, kitu kilichosema, pengine Mungu ataamua mwenyewe, na kilipopita kiliacha nafuu, na nafuu hiyo ndiyo inayomtia aibu kuliko uongo wote. Anaondoka dirishani. Mwelekezaji yuko pale pale pembeni yake, tochi inawaka. Nitokeje katika mji huu? anauliza Gaudensi. Mlango unao mwenyewe, anajibu asiye na uso. Uko chini ya pua na juu ya kidevu, umezungukwa na walinzi weupe, na tangu Juni umeufungua kwa kula tu. Gaudensi anapeleka mkono mdomoni, anaelewa, na anajaribu kusema pale pale, mbele ya umati, lakini makofi yanameza sauti yake. Si kwao, anasema mwelekezaji. Wao hawakukuuliza.

Basi anatembea. Anavua medali moja baada ya nyingine na kuziacha barabarani, na hakuna anayeziokota. Mji unaisha kama ulivyoanza, ghafla, na njia nyeupe inaendelea, na njia zingine zinakuja kuungana nayo kutoka kila upande na kuachana nayo tena, na hakuna kibao tena wala mti. Anatembea kwa muda unaotosha siku nzima na jua halichomozi. Nyuma yake anasikia magurudumu. Kitanda cha hospitali kinakuja peke yake, hakuna anayekisukuma, shuka limefunika aliyelala, na kinapomfikia kinapunguza mwendo kikaenda naye sambamba. Gaudensi hatazami. Analijua lile gurudumu la mbele linalopiga kelele. Wewe ni Gaude, inasema sauti chini ya shuka. Ndiyo, baba. Mbona hunisalimu? Shikamoo, baba, anasema, miaka thelathini na saba hajamwamkia mtu kwa neno lile na kwa maana ile. Marahaba, inasema sauti. Mama yako hakukueleza niliingiaje mle ndani? Alinieleza, anasema Gaudensi. Sema alichokueleza. Na Gaudensi, mwenye miaka hamsini na mmoja, anasema kwa sauti ya mtu anayesomeshwa, alisema ulificha maumivu. Muda gani? Miaka mitatu, baba. Ulisema ni gesi tu, itaisha. Ulisema kesho utakwenda kupimwa. Na utumbo ulipopasuka ndipo ulipelekwa. Shuka linapanda na kushuka kama pumzi. Basi usimsingizie daktari, inasema sauti. Yule kijana alifanya alichoweza, alilia kwenye korido, hukumwona kwa sababu ulikuwa umejifunika uso. Kitanda kinaongeza mwendo, kinachukua njia ya kulia, na mlio wa gurudumu unapungua mpaka hausikiki. Gaudensi anatamani kukifuata. Lakini mbele, kwenye njia ya kushoto, kuna mtu mwingine anayetembea, mdogo, ameinama, na mgongoni ana blanketi.

Ni Veridiana. Anatembea peke yake na anavuta mashine, ile mashine kubwa ya kusafisha damu, ina magurudumu na mipira miwili iliyoingia mkononi mwake, na kila hatua inambidi ajipinde kama mtu anayevuta mkokoteni mlimani. Veri! anaita Gaudensi. Hageuki. Anaongeza mwendo, umbali haupungui. Anajaribu kukimbia, magoti yanakataa, anakimbia hivyo hivyo kwa kuchechemea, na umbali ni ule ule, hatua ishirini, zisizopungua wala kuzidi. Ngoja nikusaidie kuvuta! anapiga kelele. Ukitaka maji nitakuletea! Nimetembea usiku kucha kwa ajili yako, angalia, jina lako nimeliandika! Yote ni kweli na hakuna moja linalomgeuza. Pumzi zinamwishia. Anasimama, mikono magotini, na kwa kuwa hana tena nguvu za kutafuta neno zuri, linamtoka lile lililobaki. Majibu yametoka, anasema. Hapigi kelele. Anasema taratibu, kama mtu anayetema mate.

Anapoinua kichwa, yuko mbele yake. Hatua ishirini hazipo. Veridiana ana uso wake wote, macho yaliyovimba ya asubuhi, kovu dogo la nyusini alilopata akiwa mtoto, na anamtazama. Tangu lini? anauliza. Tangu Juni. Na yanasemaje? Yanasema ninafaa. Veridiana anaketi chini pale barabarani, kwenye unga ule mweupe, anaupakata mkono wake wenye mipira kama mtoto anayelala, na Gaudensi anasubiri atukanwe, angefurahi kutukanwa. Ungeniambia hutaki, anasema hatimaye. Hutaki ningeielewa, kaka. Ningelia siku mbili, nikanawa uso, nikatafuta mahali pengine. Kuna binamu yetu kule Makete, nilikuwa sijamwomba kwa sababu nakungoja wewe. Hii bado yako ndiyo iliyonichosha. Kila Jumatatu, Jumatano na Ijumaa nimepanda basi na bado yako mapajani. Gaudensi anapiga magoti. Naogopa, anasema. Naogopa kisu, na ninawaogopea watoto, na kuna siku nilitaka Mungu aamue badala yangu, na hiyo nilikuwa sitaki uijue. Veridiana anafumba macho akisikia hilo, anayafumba kwa nguvu, kama mtu aliyechomwa sindano. Sasa unasemaje? anauliza. Nasema chukua. Moja ni yako. Naogopa vilevile, lakini chukua. Na dada yake anamtazama tena, bila tabasamu, bila machozi, anasema, hilo uje uniambie ukiwa macho.

Mkono unamshika begani na kumvuta kwa nguvu. Luvanda! Luvanda, utaingia mtaroni! Ni Mzee Chengula, mstaafu wa posta ambaye wametembea bega kwa bega tangu mwanzo wa safari, ana kofia ya sufu na pua inayotiririka kwa baridi. Mbingu imeanza kuwa ya kijivu. Mbele na nyuma yao wako watu wa fulana za njano, wengine wanachechemea, wengine wamebeba viatu mikononi, na kwenye kingo za barabara ni mashamba ya chai, si misonobari. Nimelala muda gani? anauliza Gaudensi. Nani ajue, anasema Chengula, nilikupoteza kwenye giza, nimekukuta hapa unayumba, hii ni kilomita ya thelathini na tisa. Haiwezekani, alisinzia kilomita ya ishirini na nane. Anaitazama kadi inayogongwa muhuri kila kituo, iliyoning'inia shingoni. Mihuri ya kituo cha saba na cha nane imegongwa, wino bado mbichi, na yeye hakumbuki kituo chochote, hakumbuki meza wala mtu aliyegonga. Nilikuwa nasema kitu? anauliza. Ulikuwa unasema, anajibu Chengula, nilisikia sauti kwa mbali, maneno sikuyashika. Nani alikuwa nami? Chengula anafuta pua. Nilidhani uko na mtu, anasema. Nilivyofika ulikuwa peke yako.

Kilomita tatu zilizobaki anazitembea. Miguu inauma, lakini iliuma kule pia, na baridi ni ile ile, na kila anapotazama jambo ili limthibitishie kwamba yuko macho, jani la chai lenye umande, mbwa anayevuka, mama aliyebeba ndoo anayewapigia makofi, anajiambia kwamba hata kule mambo yalionekana hivi hivi. Anafika uwanjani saa moja asubuhi. Kuna tarumbeta, kuna maturubai, watu wanakumbatiana na kujilaza kwenye nyasi, mtu fulani anamvisha kitu shingoni, hakiangalii. Anamtafuta Veridiana. Anamkuta chini ya turubai la mwisho, amekaa kwenye mkeka karibu na Skolastika aliyemletea mumewe kandambili na sweta kavu. Nyuso wanazo, wote wawili. Karibu, shujaa, anasema Veridiana, pole na safari. Na Gaudensi, badala ya kujibu nimeshapoa, anaketi mbele yake na kusema, majibu yametoka. Ninafaa.

Tarumbeta zinaendelea kulia. Skolastika anabaki na kandambili mkononi. Tangu lini? anauliza Veridiana, na ni sauti ile ile, uzito ule ule, mpaka Gaudensi anasikia mwili unamsisimka, ama dada yake anarudia, ama hakuwahi kumsikia kule, ama kule hakujaisha na yeye bado anachechemea mahali gizani akisema na hewa. Tangu Juni, anasema. Nilikudanganya. Naogopa, lakini nataka uchukue. Anamgeukia mkewe, kwa sababu uamuzi huu unamhusu na yeye, na Skolastika anaweka kandambili chini, moja, kisha ya pili, anazilinganisha vizuri. Nilisema watoto wanasoma, anasema. Sikusema usimpe. Wewe ndiye uliyenisikia hivyo, nami nikakuacha usikie hivyo. Veridiana anageuza uso kutazama uwanja, na mabega yaliyo chini ya blanketi yanapanda na kushuka, na Gaudensi hawezi kuona kama analia au anapumua tu, na hathubutu kumgusa. Kisha Veridiana anapekua mkoba wake, anatoa simu, anabonyeza namba ya hospitali ya mkoa anayoijua kwa kichwa. Inaita kwa muda mrefu. Sista Melania? anasema. Ni Veridiana wa Jumatatu. Mimi mzima, Sista. Kaka yangu yuko hapa, ana neno. Anamkabidhi simu, na mkono wake ni wa baridi, na hauondoi upesi.

Gaudensi anaiweka sikioni. Upande wa pili kuna sauti ya nesi wa zamu aliyekesha, na nyuma yake mlio wa mashine, pi, pi, pi, taratibu. Sista, anasema, mimi ni Gaudensi Luvanda. Mwambie daktari, kuhusu yale majibu yangu ya Juni, nimekubali. Anipangie siku. Karatasi inafunuliwa. Bwana Luvanda, anasema nesi, na anasema kwa wema, hili ni jambo kubwa, na ni asubuhi na mapema, na sauti yako ni kama ya mtu aliye usingizini. Uko macho kweli? Gaudensi anatazama uwanja uliojaa watu wa njano waliolala kwenye nyasi, anatazama ukungu unaopanda kutoka mashambani, na nyuso mbili zinazomtazama bila kupepesa.

Sijui, Sista, anasema. Andika hivyo hivyo.